Kuondoa kisiki kiwanjani: vibarua, winchi, kijiko, dawa au moto? Tathmini ya kila njia

Mti ukishalala chini na magogo yakishapakiwa kwenye fuso, wengi huhesabu kazi imekwisha. Uani kinabaki kisiki, na siku hiyo ndipo watu huanza kuulizana kifanyweje. Wamechelewa. Kisiki huamuliwa mti ukiwa bado umesimama, kwa sababu njia utakayotumia kukiondoa ndiyo inayosema shina likatwe kwa urefu gani.

Ukitaka king'olewe, mwambie mkata miti aache shina la mita 1 hadi 1.5 juu ya ardhi. Hilo shina ndilo wenzo wako: mnyororo ukifungwa juu, nguvu kidogo inatikisa mizizi yote. Ukitaka kupaka dawa au kukisaga kwa mashine, shina likatwe chini kabisa, sentimita 5 hadi 10 kutoka ardhini, na mkato uwe wa usawa. Kisiki kibaya kuliko vyote ni cha urefu wa sentimita 30 au 40: kifupi mno kuvutwa, kirefu mno kusagwa. Na ndicho kinachoachwa kila mahali, kwa sababu mkataji hapendi mnyororo wa msumeno uguse mchanga. Mkipatana bei ya kukata mti, patana na urefu wa kisiki pia, na umwonyeshe kwa mkono alama kwenye gome.

Tathmini hii ni kwa mwenye kiwanja cha kawaida, pwani au nyanda za juu, mwenye visiki kati ya kimoja na kumi. Shamba la ekari hamsini lina hesabu zake.

Jua unashindana na mti gani

Mtu mgumu tunamwita kisiki cha mpingo, lakini kwenye viwanja vya mjini ugumu wa mbao si taabu kubwa. Taabu ni uhai. Mlusina, mwarobaini, mjohoro, mtiki na mkaratusi (mlingoti kwa watu wa Iringa na Njombe) huchipua tena baada ya kukatwa, tena kwa kasi, maana mizizi ya mti mzima sasa inalisha machipukizi machache. Aina nyingi za mikaratusi zina uvimbe wa mbao chini ya usawa wa ardhi, uliojaa macho yanayosubiri tu shina likatwe. Ukikata juu ya uvimbe huo, hujauua mti, umeupogoa. Mwarobaini una tabia nyingine: mzizi wake ukijeruhiwa kwa jembe mita kadhaa kutoka kwenye shina, pale pale penye jeraha panaweza kutoka mche mpya.

Mpaina hauchipui. Mvinje mkubwa huchipua kwa shida. Mwati nao si mchipuaji hodari, ila umemwaga mbegu nyingi udongoni, na mbegu hizo huamshwa na joto. Anayechoma kisiki cha mwati asishangae mvua ikinyesha na miche ya mwati ikaota pande zote kama imepandwa.

Mwembe na mkorosho vina utomvu unaochubua ngozi. Wachimbaji wavae mikono mirefu na glavu, na moshi wa mizizi yake usikae karibu na macho ya mtu.

Mnazi uko peke yake. Hauna mzizi mkuu. Una maelfu ya mizizi myembamba iliyoshonana chini ya shina kama mkeka. Ukiukata haurudi tena. Lakini usiuache uoze juu ya ardhi karibu na minazi mingine, kwa sababu kwenye kisiki na gogo la mnazi linalooza ndiko mdudu mwenye pembe, yule anayetoboa kilele cha minazi, hutaga mayai na kulea viluwiluwi vyake. Chimba, pasua vipande, kausha, choma. Ukiwa na minazi kumi hai na kisiki kimoja kinachooza katikati yao, hicho kimoja ndicho cha kushughulikia wiki hii.

Vibarua na sululu

Kwa kisiki kilicho chini ya sentimita 50 kipenyo, kwenye kiwanja ambacho gari kubwa haliingii, hii ndiyo njia bora, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Wachimbaji wawili wanaojua kazi huondoa kisiki cha sentimita 40 kwenye kichanga cha pwani kwa siku moja. Kwenye mfinyanzi mkavu hesabu siku mbili hadi tatu. Tofauti hiyo ni ya udongo, si ya uvivu, kwa hiyo kazi ipangwe wiki chache baada ya mvua, ardhi ikiwa laini lakini hainati kwenye chepe.

Vifaa ni sululu, chepe, shoka zito, mtaimbo wa mita 1.5, msumeno wa mkono, tupa ya kunolea na maji. Maji ndiyo yanayosahauliwa. Shoka likigonga mzizi uliopakwa mchanga, ukali wake haudumu hata dakika kumi. Mchimbaji anaanza kugonga kwa nguvu badala ya kukata, na kazi ya saa moja inakuwa ya nusu siku. Mzizi usafishwe kwanza: udongo utolewe kwa mkono, mzizi umwagiwe maji na kusuguliwa kwa gunia, ndipo ukatwe.

Mtaro ndio kiini cha kazi. Watu huchimba karibu sana na kisiki kwa sababu wanaogopa wingi wa udongo, kisha shoka linakosa nafasi ya kuzunguka. Kwa kisiki cha sentimita 40, anza mtaro nusu mita kutoka kwenye gome, uuzungushe pande zote, upana sentimita 60 ili mtu asimame ndani, kina sentimita 60 hivi. Udongo utupwe upande mmoja tu. Upande wa pili ni wa kuvutia kisiki na wa kukimbilia.

Kila mzizi wa pembeni ukatwe mara mbili: kwanza upande wa mbali, kisha karibu na kisiki, kipande cha katikati kitolewe. Ukikata mara moja tu, ncha mbili hubaki zikigusana, na kisiki kikitikiswa zinabanana tena. Mizizi ya pembeni ikiisha, chimba chini ya kisiki kwa upande mmoja hadi uone mzizi mkuu. Hapo kuna hatari ya kweli. Kisiki cha mwembe chenye shina la mita moja kina uzito wa watu kadhaa, na kikishachimbwa chini kwa upande mmoja huegemea bila kutoa taarifa. Mtu asiingize mwili wala mguu chini yake. Mzizi mkuu ukatwe kutoka pembeni kwa shoka la mpini mrefu, mwenzake akisukuma shina kwa mtaimbo ili mkato ufunguke na shoka lisibanwe.

Msumeno wa mnyororo ndani ya shimo usiruhusiwe. Mnyororo unaogusa udongo hupoteza ukali kwa sekunde chache, na ncha ya upau (bapa linalobeba mnyororo) ikigonga mzizi wa pili ambao mtu hauoni, msumeno unaruka kuelekea usoni. Fundi akisisitiza kuutumia, autumie juu ya ardhi kupasua shina, si shimoni.

Yanayoharibika kwenye huduma hii ni mapatano. Bei hutajwa "kwa kisiki", kisha kila mtu ana kisiki chake kichwani. Taja mambo manne kabla ya sululu kuinuliwa: kina mtakachofika, mizizi ya unene gani iondolewe, nani anajaza shimo, na nani anachukua mbao. Hilo la mwisho lina thamani. Kisiki cha mwarobaini au mkorosho ni kuni nzuri na mkaa mzuri, na mara nyingi mchimbaji hushusha bei akipewa achukue. Ujue umempa, usiibiwe wala usimwibie.

Winchi ya mkono

Kwa visiki vya kipenyo cha sentimita 20 hadi 40 vilivyoachiwa shina refu, winchi ya mkono ya waya aina ya Tirfor hupunguza uchimbaji kwa kiasi kikubwa. Iko ya kuvuta tani 1.6 na kubwa zaidi ya tani 3.2. Kwa uani, ndogo inatosha ukiongeza kapi: waya ukipita kwenye kapi lililofungwa kwenye kisiki na kurudi kwenye nanga, nguvu inakaribia kuwa mara mbili, ingawa utavuta mpini mara mbili pia.

Ipo siri moja ambayo wengi hawaijui. Mizizi inayozuia kisiki kuanguka ni ile ya nyuma, upande ulio kinyume na unakovuta. Hiyo ndiyo ikatwe kwanza. Mizizi ya mbele iachwe iwe bawaba. Anayekata mizizi ya mbele akaacha ya nyuma anavuta siku nzima, kisiki kikimtazama tu.

Winchi hizi zina pini za usalama ambazo hukatika mzigo ukizidi. Pini ikikatika, maana yake rudi ukachimbe zaidi. Wapo wanaotia msumari mahali pa pini. Huo ni uuaji unaosubiri siku yake, kwa sababu kitakachokatika safari ijayo ni waya, na waya uliokazwa kwa tani mbili ukikatika hupiga kama kiboko cha chuma. Weka gunia la mchanga nusu likining'inia katikati ya waya. Ukikatika, uzito huo unaushusha chini. Watoto na majirani wasimame mbali kwa urefu wa waya mzima.

Nanga iwe mti mwingine mkubwa, uliofungwa chini kabisa na kuvishwa gunia ili gome lisichunwe, au gogo lililozikwa mita moja ardhini. Ukuta wa uzio si nanga, wala nguzo ya umeme. Gari nalo siliungi mkono: huvuta kwa kushtua, na mshtuko ndio unaokata minyororo na kung'oa ndoano ya gari.

Kijiko

Ukiwa na visiki vitano na zaidi, au kimoja cha mwembe wa miaka mingi, kijiko hakina mpinzani. Mashine kama JCB 3CX yenye ndoo mbele na mkono nyuma ina uzito wa tani 8 hivi na hung'oa kisiki cha sentimita 50 kwa chini ya saa moja. Kwa kisiki kimoja kidogo, usiite. Hulipi muda wa kuchimba peke yake. Unalipa usafiri wa kuileta na kuirudisha, na wamiliki wengi wana saa za chini kabisa ambazo utalipia hata zikibaki. Ungana na jirani mwenye visiki vyake, mgawane safari.

Pima geti kabla ya kupiga simu. Mashine hiyo ina upana wa mita 2.3 na ushee, kwa hiyo njia ya mita 3 ndiyo ya amani, na kona ya kuingilia inahitaji zaidi. Kisha tembea njia yake yote mguu kwa mguu: chemba ya maji taka, shimo la choo, bomba la maji, tangi lililozikwa. Mfuniko wa chemba uliotengenezwa kwa mtu kupita haubebi tani 8. Weka vijiti vyenye kitambaa chekundu juu ya kila bomba unalolijua, na mwambie dereva kabla hajawasha.

Dereva mzuri unamtambua mapema. Haanzi kwa kusukuma. Huzunguka kisiki, anakata mizizi kwa meno ya ndoo pande tatu, kisha anaingia chini yake upande wa nne na kuinua. Halafu anakitikisa juu ya shimo udongo urudi ulikotoka, badala ya kukipakia na ndoo nzima ya udongo wa juu, ule mweusi unaoota vitu. Dereva asiyejua husukuma shina tangu mwanzo. Shina linavunjika kwenye usawa wa ardhi, na sasa mna kisiki kisicho na wenzo na mashine inayokula dizeli.

Kasoro kubwa ya kijiko ni shimo. Kisiki cha mwembe mkubwa huacha shimo la mita 3 kwa 3, na magurudumu hushindilia bustani nzima hadi maji yasimame. Kwa mahali pa kujenga si neno. Kwa bustani iliyokwishapandwa, fikiri mara mbili.

Mashine ya kusaga visiki

Ni gurudumu lenye meno ya chuma kigumu linalokula kisiki kutoka juu na kugeuza mbao kuwa chembe. Ndogo za kusukuma kwa mkono hufika sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, na hazichimbui uani. Kazi yake ni safi kuliko zote. Huku kwetu bado ni adimu, na ukiipata uliza meno yamebadilishwa lini, kwa sababu meno butu hayasagi, yanapiga makelele tu. Jiwe, msumari au kipande cha nondo kilichomezwa na gome huyavunja. Mnazi pia huisumbua: nyuzi zake hujiviringisha kwenye gurudumu.

Kusaga hakuui mizizi. Mlusina uliosagwa bila dawa utachipua kutoka kando. Na zile chembe zisirudishwe shimoni pahali patakapowekwa pevi au zege. Zikioza, juu panadidimia. Zitandaze chini ya miti mingine.

Dawa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, si kwa sababu dawa ni mbaya bali kwa sababu hupakwa vibaya. Na tuelewane mwanzo kabisa: dawa huua kisiki, haikiondoi. Ikiwa shida yako ni machipukizi kando ya uzio, dawa inatosha. Ikiwa unataka kujenga hapo, bado utachimba.

Inayopatikana kwenye karibu kila duka la pembejeo ni glaifoseti, nyingi ikiwa ya gramu 480 kwa lita. Kwa kisiki hutumika ikiwa nzito: bila maji kabisa, au nusu kwa nusu na maji safi, kama kibandiko kinavyoelekeza. Kiasi cha kunyunyizia magugu, kile cha kifuniko kwenye pampu la lita 15 au 20, hakifanyi lolote kwenye kisiki.

Angalia mkato kwa karibu. Nje kabisa kuna gome. Ndani ya gome kuna utepe mwembamba, mbichi, unaoteleza ukiugusa kwa kidole. Ndani ya utepe huo ni mbao nyeupe, na katikati moyo wa mti, mweusi zaidi. Mti unaishi kwenye utepe ule na sentimita chache za mbao zinazoufuata. Moyo umekufa siku nyingi. Basi dawa ipakwe kwa brashi kwenye duara la nje tu, upana wa sentimita 3 hadi 5, mpaka iloe bila kutiririka. Kumwaga dawa katikati ya kisiki ni kumnywesha maiti.

Saa ni muhimu kuliko kiasi. Mara msumeno unapotoka, mti huanza kufunga mishipa yake. Paka ndani ya dakika 5, zisizidi 15. Kwa hiyo brashi na kopo viwe tayari kabla mti haujaanguka, na mtu wa kupaka asiwe yule anayekata. Kisiki kilichokatwa wiki iliyopita hakinywi dawa. Kikate upya, ondoa kisahani cha sentimita 5, upake hapo hapo. Futa unga wa msumeno na udongo kwanza, kwa sababu glaifoseti hushikwa na udongo na kupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye na maji ya mtoni yenye tope. Mvua isinyeshe kwa saa 6 zinazofuata.

Kwa mlusina na mkaratusi, paka pia ubavu wa gome kutoka kwenye mkato hadi udongoni, uondoe udongo kidogo ili ufike chini. Machipukizi yakitokea baada ya miezi miwili, usiyakate mara moja. Yaache yafike magotini, yawe na majani ya kutosha, kisha nyunyizia majani siku isiyo na upepo. Majani ndiyo njia ya kuirudisha dawa mizizini.

Kuna hatari ambayo muuza duka hakwambii. Miti ya aina moja iliyopandwa karibu, hasa mikaratusi, mara nyingine huunganisha mizizi chini ya ardhi. Ukipaka dawa kisiki kimoja, mti wa jirani unaoupenda unaweza kukauka. Kwenye safu ya miti unayotaka ibaki, acha dawa, chimba.

Glavu za mpira, miwani na viatu vya kufunika si mapambo. Kopo lililobaki lisihamishiwe kwenye chupa ya soda, hata kwa usiku mmoja, kwa sababu mtoto akiona chupa ya soda anajua ni ya kunywa.

Asiyetaka dawa ana njia ya subira: kung'oa machipukizi kwa mkono kila baada ya wiki mbili au tatu, bila kuruka, hadi akiba ya mizizi iishe. Kwa mlusina, mbuzi aliyefungwa kamba karibu na kisiki hufanya kazi hiyo kwa furaha. Kufunika kisiki kwa turubai jeusi zito na kuweka mawe kingoni husaidia pia.

Kuna jambo la kujifunza kutoka mashamba ya chai. Mizizi iliyokufa ikiwa imejaa wanga ni chakula cha ukungu wa Armilaria, ambao kisha huhamia kwenye michai. Wakulima wanaojua huvua gome la mti kwa kuuzunguka, mwaka mmoja au miwili kabla ya kuukata. Chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena, mizizi inamaliza akiba yake, na mti ukikatwa hakuna cha kumnufaisha ukungu. Mwenye kahawa au chai karibu na mti mkubwa anaoutaka uondoke afanye hivyo, asikimbilie msumeno.

Moto

Moto unahitaji kisiki kilichokauka, na kukauka ni miezi sita hadi mwaka tangu kukatwa. Kisiki kibichi huungua juu, kikawa cheusi, kikazima. Njia inayofaa ni pipa la chuma lililotolewa kitako na mfuniko, likitobolewa matundu ya hewa upande wa chini, likavishwa kisiki na kujazwa mkaa. Chora misalaba ya kina kwenye kisiki kwa msumeno ili moto uingie. Kwa kisiki cha sentimita 40 tarajia siku nzima ya kuongeza mkaa na usiku wa kuulinda.

Matokeo ni ya wastani. Juu panaisha, chini mizizi mikubwa inabaki. Na moto hufuata mzizi mkavu chini kwa chini, polepole, siku kadhaa, ukaibuka mahali usipotarajia: chini ya banda, kwenye uzio wa makuti. Bomba la plastiki lililopita karibu linayeyuka. Kwa wiki nzima gusa ardhi kwa mgongo wa mkono hadi mita 2 kuzunguka. Ikiwa na joto, chimba na umwage maji. Kwenye kiwanja kidogo cha mjini siipendekezi.

Chumvi, oili chafu, asidi ya betri

Hivi vitatu bado vinashauriwa kila siku, na inauma kuviona vikitumika. Oili chafu haiui kisiki. Inabaki udongoni na kushuka kuelekea kisimani. Asidi ya betri huunguza juu tu, na huja na madini ya risasi ndani yake, sumu kwa watoto wanaocheza hapo. Chumvi kwa wingi inaweza kuua mti, ila itaua na kila utakachopanda baadaye, na ukijenga juu yake itakula nondo za msingi. Anayejenga pwani tayari anapigana na chumvi ya hewa na ya maji. Asiimwage mwenyewe chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Mbolea ya potasiamu naitreti au urea kwenye matundu ya kisiki haina madhara hayo, ila kasi yake ni ndogo mno kustahili bei ya mfuko.

Shimo linalobaki

Fundi ujenzi akikwambia mizizi "itaoza yenyewe chini ya jamvi", anasema kweli, na ndiyo sababu usikubali. Mzizi unene wa mkono ukioza huacha mfereji mtupu; mchwa huufuata kwanza, kisha maji, kisha sakafu inapasuka. Mahali pa nyumba, toa kila mzizi unaozidi unene wa kidole gumba hadi kina cha msingi, na udongo utiwe dawa ya mchwa kabla ya jamvi kumwagwa. Mtaro wa msingi ukipita juu ya shimo la kisiki, shuka hadi udongo mgumu ambao haukuguswa, ujaze kwa zege hafifu au moramu iliyoshindiliwa. Kifusi kilichotupwa tu hakibebi ukuta.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi, ongeza subira. Mti mkubwa ulikuwa unanyonya maji mengi; ukiondoka, udongo hurudisha unyevu na kuvimba. Acha angalau msimu mmoja wa mvua upite kabla ya kujenga hapo.

Kujaza ni kwa tabaka za sentimita 15. Mwaga udongo, lowesha kiasi cha kushikana mkononi, shindilia, kisha tabaka jingine. Kwa bustani acha kichuguu cha sentimita 10 juu, kitashuka. Kwa mahali pa gari au jengo, usilipe salio siku hiyo hiyo. Shimo likishajaa, mwaga madumu manne ya maji ya lita 20 juu yake jioni, polepole. Asubuhi weka ubao ulionyooka kukatiza shimo na upime kwa futi: udongo ukiwa umeshuka sentimita 5 au zaidi, ndani kuna tabaka lililorukwa, na wachimbaji walifungue tena.